Tiba ya dharura, usingizi au magonjwa ya ndani: ulinganisho kwa daktari anayechagua ubingwa

Daktari anayependa wagonjwa mahututi, akimaliza mwaka wa mafunzo kwa vitendo, mara nyingi husita kati ya ubingwa wa aina tatu: tiba ya dharura, ganzi na usingizi pamoja na ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), na magonjwa ya ndani. Wengi huchagua kwa kuangalia dakika 10 za kwanza za mgonjwa aliyezidiwa, yaani nani anaweka mpira wa kupumulia na nani anatoa maagizo. Kipimo hicho kinapotosha, kwa sababu dakika hizo bingwa yeyote kati ya hao watatu anatakiwa azimudu. Kinachowatenganisha ni kiasi cha taarifa walicho nacho wanapoamua, muda wanaokaa na mgonjwa mmoja, na idadi ya wagonjwa wengine wanaowasubiri wakati huohuo. Ulinganisho huu unafuata mambo hayo matatu, na umeegemea zaidi hali ya Tanzania na majirani zake.

Mgonjwa mmoja mikononi mwa watatu

Chukua mkulima wa nyanya aliyepuliza dawa ya wadudu ya kundi la organofosfati kutwa nzima bila barakoa wala glavu, bomba likivuja na nguo zikilowa mgongoni. Analetwa jioni akitokwa jasho na mate, mboni zimebana, kifua kinakoroma, mapigo 48, oksijeni asilimia 82. Ndugu aliyemleta hajui jina la dawa.

Bingwa wa dharura haisubiri chupa ya dawa iletwe. Anaamua kwa picha iliyo mbele yake: mate, jasho, kifua kilichojaa majimaji, mapigo ya chini. Wahudumu wanavaa glavu na aproni, nguo za mgonjwa zinavuliwa na kufungwa kwenye mfuko, ngozi na nywele zinaoshwa kwa maji na sabuni. Hayo yote yanaendelea huku koo likinyonywa kwa mashine na oksijeni ikiingia. Atropini, dawa inayopinga sumu hiyo, mg 2 kwenye mshipa. Baada ya dakika 5 anasikiliza kifua. Bado kinakoroma, anaongeza mg 4. Dakika 5 nyingine, mg 8. Kisha mg 16. Ndani ya robo saa zimeshaingia mg 30, maana yake ampuli 30 za mg 1.

Hapo ndipo mambo huharibika, na huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kabati la dawa za dharura lenye ampuli 10 tu, na ufunguo wa stoo uko kwa mtu aliyekwisha kwenda nyumbani. Ya pili ni mtu kuona mapigo yamefika 120 akaisimamisha atropini, ilhali kifua bado kimejaa. Kinachotafutwa ni kifua kikavu, mapigo zaidi ya 80 na namba ya juu ya presha zaidi ya 80. Mapigo yakienda mbio kabla kifua hakijakauka, dawa inaendelea. Mboni zikibaki ndogo wakati kifua kimeshakauka, dawa haiongezwi. Kifua kikishakauka anaanzisha atropini ya dripu, kila saa asilimia 10 hadi 20 ya jumla iliyotumika. Kwa mgonjwa huyu ni mg 3 hadi 6 kwa saa. Wakati anaifanya hesabu hiyo, muuguzi wa mlangoni ameshaingiza majeruhi wawili wa bodaboda na mtoto mwenye degedege.

Bingwa wa usingizi anaingia pale misuli ya mgonjwa inapochoka kupumua. Kabla hajagusa koo, anafikiria dawa ya kulegeza misuli. Suksamethoniamu, ambayo kwa kawaida huisha nguvu kwa dakika chache, huvunjwa na kimeng'enya ambacho sumu hii imekizuia. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kubaki amelegea kwa saa kadhaa. Anachagua rokuroniamu mg 1.2 kwa kilo. Bingwa wa dharura naye analijua hilo, na mara nyingi ndiye atakayeuweka mpira. Tofauti inaonekana siku zinazofuata. Kati ya siku ya 1 na ya 4, wapo wagonjwa ambao mate yamekauka, wameamka, wanaitikia majina yao, lakini misuli ya shingo na ya kupumua imelegea upya. Ukimwondolea mpira asubuhi kwa sababu amekutazama na kutikisa kichwa, usiku utaurudisha, ukiwahi. Daktari wa ICU anamwambia ainue kichwa kutoka kwenye mto na kukishikilia. Asipoweza, mpira unabaki. Anaangalia hilo kila siku, pamoja na kitanda kuinuliwa nyuzi 30, pumzi za mashine za ml 6 hadi 8 kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kwa urefu wa mgonjwa, na kinywa kusafishwa.

Bingwa wa magonjwa ya ndani anampokea wodini. Nimonia iliyobaki ni yake, na sukari iliyogundulika kuwa juu ni yake. Wiki 1 hadi 3 baada ya sumu, miguu ikianza kufa ganzi na kulegea, ni yeye atakayejua kwamba inatokana na dawa ileile, na ni yeye atakayemwona kliniki miezi sita mfululizo. Anaulizia bomba linalovuja limetengenezwa au la.

Mgonjwa ni mmoja. Wa kwanza alikuwa naye saa mbili, wa pili siku nane, wa tatu nusu mwaka. Jiulize ni kipande kipi ungeumia ukinyang'anywa.

Tiba ya dharura: kazi ilivyo zamu nzima

Wanaoitamani kazi hii kwa ajili ya chumba cha kuokolea maisha wanapaswa kujua kwamba sehemu kubwa ya zamu haiko humo. Iko kwa mwanamke anayeumwa tumbo, mzee mwenye kizunguzungu, kijana aliyebanwa na kifua, mtoto mwenye homa ya siku tatu. Hakuna aliyekuja na jina la ugonjwa. Kazi ni kuliondoa kwanza lile linaloua haraka: mimba iliyotunga nje ya kizazi kabla ya kusema ni vidonda vya tumbo, sukari iliyoshuka kabla ya kusema ni kiharusi.

Kila kitu kinaanzia kwenye triaji, yaani kuwapanga wagonjwa kwa uharaka wa hali zao. Hospitali nyingi za ukanda huu hutumia mfumo uliotokana na wa Afrika Kusini: unapima mwendo wa mgonjwa, pumzi, mapigo, namba ya juu ya presha, joto, ufahamu na kama ameumia, kila kimoja kinapewa alama. Jumla ya 7 kwenda juu ni nyekundu, anaingia mara moja. 5 au 6 ni rangi ya chungwa, aonwe ndani ya dakika 10. 3 au 4 ni njano, ndani ya saa moja. Chini ya hapo ni kijani, anaweza kusubiri hadi saa 4. Kosa la kawaida ni pumzi kukisiwa badala ya kuhesabiwa. Ukiona kadi 20 za asubuhi zote zimeandikwa pumzi 20, ujue hakuna aliyehesabu, na mwenye nimonia kali amekaa kwenye benchi la kijani. Bingwa wa dharura anaubeba mfumo huo: anaufundisha, anaukagua, anagombana kwa ajili yake.

Uamuzi mgumu kuliko yote si kuweka mpira, ni kumruhusu mgonjwa aende nyumbani. Ukimruhusu aliyestahili kulazwa, hutamwona tena, na huenda usijue kamwe kilichompata. Ukimlaza kila mtu, wodi inafurika na aliyezidiwa anakosa kitanda. Daktari anayehitaji uhakika kabla ya kulala usiku atateseka hapa.

Lipo jambo jingine linalosemwa kidogo mno. Ubingwa huu unawavuta watu wa vitendo, na mtu wa vitendo hupenda kutenda. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa 2011, ulifuatilia watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu. Waliopewa maji mengi ya mshipa kwa haraka walikufa zaidi: takriban asilimia 10.5 ndani ya saa 48, dhidi ya asilimia 7.3 ya wale ambao hawakumiminiwa. Kufungua dripu hivyo ndiko wengi walikokuwa wamefundishwa wakati huo. Watoto wa kuhara kukali hawakuhusika, na kwao maji yanabaki kuwa tiba. Hata hivyo, somo kwa anayechagua ubingwa liko wazi: uwezo wa kusimama kando ya kitanda, mama wa mtoto akikutazama, na kuamua kutofungua dripu, unahesabiwa kama ujuzi sawasawa na kuifungua.

Usingizi na ICU: utulivu ulio na gharama

Hapa mgonjwa ni mmoja, na taarifa ni nyingi. Umemwona jana yake, unajua amekula saa ngapi, umeangalia mdomo unafunguka kiasi gani, umeijaribu mashine asubuhi. Maandalizi ndiyo tiba. Mfano ni upasuaji wa uzazi kwa ganzi ya mgongo: bupivakaini nzito ya asilimia 0.5, ml 2 hivi, mgonjwa ameelekezwa kidogo kushoto ili mji wa mimba usibane mshipa mkubwa, dawa ya kupandisha presha ikiwa tayari ndani ya bomba la sindano kabla ya ganzi kuingia. Presha hushuka ndani ya dakika chache za mwanzo. Anayeanza kuitafuta efedrini wakati huo ameshachelewa. Ganzi ikipanda juu mno, mama atalalamika vidole vinakufa ganzi, sauti itafifia, kisha ataacha kupumua; aliyeandaa vifaa vyote kama kwamba anampa usingizi kamili atampeleka salama, na ambaye hakuandaa atamkimbilia muuguzi.

Kazi hii inawafaa wanaopenda kuona matokeo ya dawa palepale, wanaokaa macho saa tano mfululizo bila jambo kutokea, na wasiohitaji mgonjwa awakumbuke. Gharama yake kwa mazingira yetu ni upweke wa uamuzi. Sehemu kubwa ya usingizi wilayani hutolewa na wauguzi na maofisa tabibu waliosomea fani hiyo, na bingwa akifika anakuwa msimamizi, mwalimu, fundi wa mashine na mtu wa kuitwa kila inapotokea shida, mara nyingi peke yake. Shirikisho la dunia la wataalamu wa usingizi limependekeza angalau madaktari 5 wa fani hii kwa kila watu 100,000. Afrika Mashariki haijafika hata 1. Kwa hiyo kazi haitakosekana, na usiku wa kulala mfululizo utakuwa nadra.

Magonjwa ya ndani

Yasemwe machache hapa, kwa kuwa kila daktari ameshaishi wodi hii. Nguvu ya ubingwa huu ni kumfuata mgonjwa hadi kwenye mzizi. Mwenye kisukari anayeletwa na asidi nyingi kwenye damu atapewa maji idara ya dharura, potasiamu itapimwa kabla ya insulini (ikiwa chini ya 3.5 mmol/l insulini inasubiri, la sivyo moyo unaweza kusimama), na ndani ya saa chache atakuwa amepandishwa wodini. Kwa nini aliacha insulini? Hana friji, au anaogopa sindano, au mume amesema ni dawa ya wanaokaribia kufa. Anayefurahia kuyafumbua hayo ndiye bingwa wa ndani. Pia ndiye mwenye milango mingi zaidi mbele: moyo, figo, mfumo wa chakula, damu, saratani. Udhaifu wake kwa mpenda wagonjwa mahututi ni kwamba mikono hufanya kidogo, na raundi huwa ndefu.

Mafunzo

Tanzania, idara ya dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa 2010, na mwaka huohuo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ikaanza shahada ya uzamili ya tiba ya dharura. Wahitimu wa kwanza walitoka 2013. Kwa kawaida ni miaka 3, sawa na usingizi na magonjwa ya ndani chuoni hapo. Rwanda ilianza 2013 kwa programu ya miaka 4. Uganda, Mbarara ilianza 2017 na Makerere ikafuata. Kenya iliitambua tiba ya dharura kuwa ubingwa 2017. Afrika Kusini ilikuwa imetangulia kwa kuitambua 2003.

Maana yake kwa vitendo ni kwamba mkuu wako wa idara anaweza kuwa amehitimu miaka sita tu mbele yako. Utapata nafasi ya kuandika miongozo, kufundisha na kuongoza mapema kuliko mwenzako wa ndani. Lakini ukipelekwa mkoani utakuwa bingwa wa kwanza wa fani hiyo kuonekana hapo, na miezi ya mwanzo itaishia kueleza kwa nini mgonjwa wa upasuaji atulizwe kwanza idarani kwako kabla ya kukimbizwa wodini. Bingwa wa ndani haulizwi anafanya nini.

Magonjwa ya ndani na usingizi vina njia ya pili: vyuo vya kikanda vya Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambako unafundishwa ukiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa badala ya kuhamia chuo kikuu. Kwa mwenye familia na mshahara wa kulinda, hilo linaweza kuamua kila kitu.

Zamu, mwili na umri

Tiba ya dharura ni zamu za saa zinazojulikana: unaingia, unatoka, hupigiwi simu nyumbani. Lakini theluthi ya maisha yako ni usiku, pamoja na Idi, Krismasi na Ijumaa jioni, wakati ajali ni nyingi. Mwili wa miaka 30 unavumilia; wa miaka 50 unadai siku mbili za kujirudi baada ya kila mkesha. Waliokaa muda mrefu wamejipanga: wamechukua ualimu, uongozi, utafiti au ultrasaundi, wakapunguza usiku. Usingizi na magonjwa ya ndani vina mchana unaoeleweka, kisha kuitwa usiku ambako hakuna mwisho unaojulikana.

Uchovu wa idara ya dharura hautokani na damu. Unatokana na mlundikano. ICU imejaa, kwa hiyo mgonjwa aliyewekewa mpira saa nne asubuhi bado yuko kwenye machela yako saa nne usiku, muuguzi mmoja anamwangalia yeye na wengine sita, na wewe unageuka daktari wa ICU bila vifaa vya ICU. Hili lisipokusumbua kabisa, huenda huifai kazi. Likikusumbua hadi huwezi kumwona mgonjwa anayefuata, pia itakuvunja. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43(2), inasema mtu asinyimwe tiba ya dharura. Anayebeba ahadi hiyo usiku ni timu iliyoko zamu, iwe kitanda kipo au hakipo.

Ajira na kwenda nje

Fedha za mpango wa UVIKO-19 wa 2021/22 zilijenga majengo ya dharura na ICU katika hospitali nyingi za Tanzania, hadi ngazi ya wilaya. Majengo yametangulia watu, kwa hiyo nafasi zipo kwa tiba ya dharura na kwa usingizi pia. Tofauti ni kipato cha nje ya mshahara: bingwa wa ndani hufungua kliniki yake, wa usingizi hualikwa hospitali binafsi kwa kila upasuaji, wa dharura hategemei kufungua chochote peke yake kwa sababu kazi yake inahitaji jengo, timu na maabara ya saa 24. Anayetegemea kliniki ya jioni kulipa ada za watoto alipime hili kabla ya kuomba.

Kwa wanaofikiria kuhama, tiba ya dharura haifanani kila mahali. Uingereza mafunzo ni miaka 6 na usingizi 7. Marekani tiba ya dharura ni miaka 3 au 4, usingizi 4, magonjwa ya ndani 3, na kwa kawaida aliyehitimu Afrika huanza upya. Ufaransa daktari wa dharura hupanda gari la SAMU, huduma ya dharura ya nchi hiyo, kwenda kwa mgonjwa, na fani hii ilipata mafunzo yake kamili ya ubingwa 2017 tu. Ujerumani hadi leo haina tiba ya dharura kama ubingwa wa msingi unaojitegemea, hivyo bingwa wa usingizi ana njia nyepesi zaidi huko. Ghuba, kila nchi ina bodi yake inayopanga madaraja ya wataalamu. Soma masharti ya bodi ya nchi unayoikusudia kabla ya kuchagua chuo.

Namna ya kujipima kabla ya kujaza fomu

Omba wiki mbili katika kila idara, na uhakikishe nusu yake ni usiku. Idara ya dharura, usikae chumba cha kuokolea maisha. Kaa upande wa njano, ambako zamu nyingi zitaishia, uone kama mgonjwa wa 25 wa tumbo bado unamsikiliza kama wa kwanza. Theatre, kaa upasuaji mzima usiokuwa na tukio lolote, na uangalie kama macho yako yamebaki kwenye skrini. Wodini, mfuate mgonjwa mmoja hadi kliniki yake ya kwanza.

Kisha iulize idara ya dharura unayotaka kusomea: usiku bingwa yupo ndani au yuko kwenye simu? Mpira wa kupumulia huwekwa na residenti (daktari anayesomea ubingwa) wa dharura au lazima aitwe wa usingizi? Mashine za ultrasaundi zinazofanya kazi leo ni ngapi, na residenti hutakiwa kufikisha vipimo vingapi? Miezi mingapi utakaa ICU, watoto na theatre? Mgonjwa aliyekubaliwa ICU hukaa idarani kwa wastani wa saa ngapi? Atropini ipo ampuli ngapi kwenye kabati sasa hivi? Ukijibiwa swali hilo la mwisho bila mtu kwenda kuhesabu, omba muende mkalifungue kabati pamoja.